Kura Kavu Mia Sita

Foibe hakupiga hodi. Aliingia uani kwa Sechelela, kijijini Mahomela, saa tisa alasiri, vumbi limempanda hadi magotini, akafungua pindo la kitenge na kutupa alichokileta juu ya kitambaa chenye maji ambacho mwenzake alikuwa amekiinamia. Ulikuwa mche wa mtama wa wiki tatu, umeng'olewa na mizizi yake. Majani yalikuwa yamejiviringa kama tumbaku.

"Karibu, mkwe," Sechelela alisema.

"Usinikaribishe. Angalia hicho."

Binti wa Sechelela alikuwa ameolewa na mtoto wa Foibe huko Chigonela, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na tangu siku ya mahari wanawake hawa hawakuwahi kuzungumza mmoja amesimama na mwingine ameketi. Leo Foibe alikataa kigoda.

Sechelela aliuchukua mche, akaupapasa kwenye shina. Ulikuwa bado na uhai, lakini mdogo. "Umebakiza siku ngapi?"

"Tisa, ukiwa na roho ngumu. Mtama unayo hiyo roho. Mimi ndiyo sina." Foibe alinyoosha kidole upande wa mashamba. "Wako nimeupita njiani. Umenifika magotini. Tulipanda wiki moja, na mbegu ni zile zile ulizonigawia kwa mikono yako. Hebu niambie kilichozidi kwako ni nini."

"Mvua, mkwe. Kura ndiyo—"

"Kura! Mwezi uliopita ulisimama kanisani na sauti yako hiyo nzuri ukasema Mungu anaijibu Mahomela kwa sababu Mahomela inaomba, na Chigonela watafute walipokosea. Wamama wa Chigonela tulikuwepo, benchi la nyuma. Tulirudi nyumbani tukafunga siku tatu. Tukatubu, Sechelela! Hata wizi wa kuku wa mwaka wa njaa tuliutubu. Mungu wako yule anayepiga kura kila Alhamisi hakusikia?"

Sechelela alihisi uso wake unawaka. Maneno yale aliyasema, na alipokuwa akiyasema yalimkaa vizuri mdomoni.

Kitambaa alichokuwa amekiinamia kilikuwa na mbegu mia moja zilizopangwa kumi kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika kikundi cha wanawake: mbegu zote za msimu zilipitia kwake kwanza. Pakiti kutoka mjini ilikuwa imeandikwa kwa wino mzuri kwamba katika kila mbegu mia zitaota tisini na tano. Yeye hakubishana na wino. Alihesabu mia, akazilaza kwenye kitambaa kilicholowa, akangoja siku nne, akahesabu zilizotoa mzizi. Hizi za leo alikuwa amefika sitini na mbili na mstari wa mwisho ulikuwa umelala kimya. Akina mama wa kikundi walikuwa na msemo wao: karatasi inasema mbegu zinavyotakiwa kuota, kitambaa kinasema zinavyoota.

Aliutazama mche, akakitazama kitambaa. Halafu akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari lake la maombi.

Kila Alhamisi baada ya kura alikuwa akiandika kijiji kilichopata mvua, ili Ijumaa akina mama wakitaje katika shukrani. Miaka mitatu, Alhamisi arobaini kila mwaka. Hakuwahi kurudi nyuma kusoma, kwa maana shukrani hairudiwi kuhesabiwa. Sasa alikaa chini mkekani, na Foibe naye, kwa hasira zake zote, akakaa, wakahesabu. Mmoja akisoma, mwingine akichora vijiti mavumbini.

Kura zilikuwa mia na ishirini. Vijiji sita. Hata mtoto wa darasa la nne angesema ishirini ishirini, kimoja kizidi kidogo, kingine kipungue kidogo.

Nzugilo kumi na sita. Luwenze kumi na tano. Isangile kumi na saba. Mkondeni kumi na nne. Chigonela kumi na moja.

Mahomela arobaini na saba.

Foibe alivitazama vijiti vya Mahomela vilivyovuka mkeka na kufika jikoni. "Aisee," alisema polepole. "Kweli mnaomba."

*

Mlingoti wa kura ulisimama kwenye uwanja mtupu ambako njia za vijiji sita zinakutana. Chini yake kulikuwa na kibanda cha bati, na ndani ya kibanda mashine yenye kioo. Kesho yake saa tatu asubuhi wajumbe wa vijiji walikuwa wamekusanyika kama kawaida, mmoja mmoja kwa kila kijiji, na watu wengine kama hamsini waliokuja kusikia kwa masikio yao.

Ndahani, fundi wa mashine, alibonyeza. Kioo kikaandika: MAHOMELA.

Watu wa Mahomela wakapiga vigelegele. Wengine walianza kuokota fimbo zao waondoke.

Chini ya jina lile palikuwa na duara jekundu linalopwita, likingoja dole la shahidi. Shahidi alikuwa Sechelela, ameapishwa kwa miaka mitano. Akitia dole, duara linageuka kijani, na kule ziwani ndege za bati zisizo na rubani, ambazo watu waliziita makorongo, zinainuka na mzigo wa mawingu na kuja kuuangusha juu ya kijiji kilichotajwa. Mvua ya nusu siku. Mzigo wa wiki haukutosha vijiji viwili, na mvua ya kuja yenyewe watu walikuwa wameshaacha kuingoja.

Sechelela hakutia dole. Alikuwa amebeba nyungo sita kichwani na mkoba wa njugu mawe begani, akavitua vyote mlangoni mwa kibanda.

"Shemeji," Ndahani alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyemshika mkono kaburini. "Duara linakungoja."

"Naliona."

"Ikipita saa sita bila dole..."

"Najua kilichoandikwa ukutani. Mashine inajifunga siku arobaini kwa vijiji vyote mpaka mainjinia waje. Bado ni saa tatu. Nijibu kitu kimoja. Mahomela arobaini na saba, Chigonela kumi na moja. Kwa nini?"

Watu walionyanyua fimbo wakazishusha.

Ndahani alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesomea jambo wiki mbili mjini. "Nikueleze taratibu. Kuna uwezekano wa nadharia na kuna uwezekano wa majaribio. Nadharia inahesabu kabla ya kutupa. Vijiji sita, vyote sawa, basi kila kimoja kina nafasi moja kwa sita. Majaribio yanahesabu baada ya kutupa. Unaandika yaliyotokea. Na yaliyotokea hayana adabu, shemeji, hasa yakiwa machache. Tupa kete mara kumi, unaweza ukapata sita mara tano. Huwezi ukasema kete imelogwa."

"Sijasema imelogwa. Mia na ishirini ni chache?"

"Chache."

"Zikiwa nyingi?"

"Zikiwa nyingi zinatulia. Majaribio yanaisogelea nadharia."

"Ngapi ndizo nyingi?"

Ndahani alijikuna shingo. "Tuseme mia tano. Mia sita."

"Siku walipousimamisha mlingoti ulitupa kura kavu, zisizoita makorongo. Nilikuwepo. Bado inaweza?"

Tabasamu likamwondoka. "Inaweza. Lakini shemeji, hakuna haja. Mainjinia wameshathibitisha. Imeandikwa moja kwa sita."

"Hata pakiti ya mbegu imeandikwa," Sechelela alisema. "Tupa."

Mwenyekiti Chilewa wa Mahomela, mtu wa kitambi na bakora, alipasua njia katikati ya watu. "Mama, hii michezo ya njugu si ungewafanyia wajukuu? Kijiji chako kimetajwa. Weka dole, twende tukafungulie mbuzi."

"Mwenyekiti, nilitia dole mara mia na ishirini bila kukuuliza. Leo nalishikilia bila kukuuliza vilevile." Akamgeukia Ndahani, na sauti yake ikatoka nzito mpaka mbwa aliyekuwa kivulini akainua kichwa. "Nimesema tupa!"

*

Kila mjumbe alishika ungo wa kijiji chake. Ndahani alibonyeza, kioo kikataja jina, Sechelela akaliita kwa sauti, na Foibe akadondosha njugu moja kwenye ungo wa kijiji hicho. Isangile. Njugu ikagonga ungo, tak. Mahomela. Tak. Mahomela. Luwenze. Mahomela. Chigonela, na watu wa Chigonela wakashangilia kana kwamba mvua imenyesha kweli, mzee mmoja wao akafungua mikono juu, watu wakacheka.

Walipofika hamsini bado kulikuwa na mizaha. "Nzugilo leo mtapika njugu!" "Mkondeni shikilia ungo vizuri, msije mkamwaga zote tatu!" Walipofika mia mbili mizaha ikapungua. Walipofika mia tatu hakuna aliyecheka, ila ile tak, tak, na sauti ya Sechelela iliyoanza kukauka. Aliyeshika ungo wa Mahomela alikuwa ameuegemeza kwenye goti.

Sechelela alikuwa akiomba moyoni huku akiita. Mwanzo aliomba kwamba awe amekosea, kwamba nyungo zisawazike na yeye aonekane mwanamke mpumbavu mwenye daftari. Angelipokea hilo kwa furaha. Angelipiga magoti mbele ya shemeji yake. Lakini njugu hazikusikia ombi lile, ziliendelea kwenda zilikokuwa zikienda, na kadiri ungo wa Mahomela ulivyojaa ndivyo kitu kilivyompanda kifuani, mpaka ikafika mahali akawa haombi tena, anaita tu.

Mia sita zilitimia saa tano kasoro robo.

Hawakuhitaji kuhesabu, lakini walihesabu. Chigonela sabini na moja. Nzugilo sabini na nane. Luwenze sabini na nne. Isangile themanini. Mkondeni sitini na tisa. Mahomela mia mbili ishirini na nane.

"Mia sita ni chache, Ndahani?" Sechelela aliuliza.

Ndahani alikuwa anafuta kioo kwa mkono wa shati, na kioo hakikuwa na vumbi.

Sechelela alitoa mkobani kikombe cha kahawa alichokizoea kupimia mbegu. Akachota ungo wa Chigonela, ukajaa kikombe kimoja. Nzugilo, kimoja. Luwenze, Isangile, Mkondeni, kimoja kimoja, hiki kikipungua kidogo, hiki kikizidi kidogo. Akachota wa Mahomela. Kikombe kimoja. Cha pili. Cha tatu, na ungo ukabaki mtupu.

"Mafungu matatu," alisema. "Mahomela inakula mafungu matatu, wenzake watano fungu moja moja. Tatu na tano." Alibaki ameshika kikombe. Macho yake yalikwenda upande wa mashariki, ambako kulikuwa na njia mbili zaidi zilizoota miiba. "Nane. Ndahani, vijiji vilikuwa vinane."

Mzee wa Chigonela aliyefungua mikono alisema kama anayejiambia mwenyewe, "Igongwe na Sagalani."

Igongwe na Sagalani walipakiwa kwenye malori wakahamishiwa mjini, miezi miwili kabla kura ya kwanza haijapigwa. Visima vyao vilikuwa vimekufa. Hakubaki hata paka.

"Bado wamo humo ndani," Sechelela alisema. "Majina yao yametoka kwenye karatasi, kwenye mashine yamo. Kura ikiwaangukia inakwenda kwa nani?"

"Shemeji, tuongee pembeni."

"Hakuna pembeni. Uwanja huu wote ni pembeni. Sema!"

Ndahani alikaa juu ya kizingiti cha kibanda. Alionekana ghafla kama kijana yule aliyemjua zamani, mwembamba, aliyekuwa akimbebea ndoo. "Watu wa mjini walileta mashine ina vijiji vinane. Wakaniambia vile viwili nivifunge mwenyewe. Nilipovifunga ikaniuliza: kura ya kijiji kisicho na watu itupwe upya, au ipewe kijiji kingine? Mimi nikaona... kwetu nyumba ikifa, zizi linakwenda nyumba kubwa. Hiyo ndiyo mila. Mahomela ndiyo nyumba kubwa, vijiji vyote vimetoka Mahomela. Nikaandika Mahomela. Nilidhani natoa heshima, shemeji. Haki ya Mungu, sikupiga hesabu."

"Na ulipiga lini?"

Ndahani alichezea funguo iliyoning'inia shingoni mwake.

"Ndahani! Ulipiga lini?"

"Msimu wa kwanza ulipokwisha." Sauti haikufika mbali, lakini ilifika. "Niliona. Nikasema nitarekebisha. Halafu watu walikuwa wanashukuru... wewe mwenyewe ulikuwa unashukuru. Nikaona nikisema itakuwa aibu kwa kijiji kizima. Nikawa naisema nadharia. Nadharia si uongo, shemeji. Kwenye karatasi ni moja kwa sita kweli."

Foibe alicheka, kicheko kikavu kama ganda. "Sisi tumetubu kuku," alisema, "na wewe ulikuwa unajua."

*

Ilikuwa saa tano na nusu, na uwanja ulikuwa unatokota.

Watu wa Nzugilo walitaka mashine ipigwe mawe. Mkondeni walitaka Ndahani apigwe kwanza, mashine ifuate. Chilewa alisimama mbele ya kibanda na bakora yake ameilaza kifuani. "Sikilizeni! Kosa limetokea, sawa. Tutaandika barua mjini. Lakini leo kura imeshapigwa. Mama atie dole, mvua inyeshe mahali fulani, kuliko isinyeshe popote. Asipotia, siku arobaini kavu! Mtama wa nani utabaki? Wenu? Wetu?"

Hilo ndilo lililomuuma Sechelela, kwamba mtu yule alikuwa anasema kweli. Akitia dole, anaubariki wizi huku ameuona, mara ya mia na ishirini na moja. Asipotia, anaua mtama wa vijiji sita ili mkono wake ubaki safi. Na mikono safi haipikwi, watoto hawaili.

"Funguo hiyo ya shingoni," alimwambia Ndahani. "Inafuta kura?"

"Inafuta."

"Inaweza kuitoa Igongwe na Sagalani?"

"Inaweza. Ni dakika tano." Akameza mate. "Lakini mjini wanaona kila kitu kinachofunguliwa. Kufuta kura iliyokwisha kutajwa ni kesi. Wataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, watajua nilijua. Utanifunga, shemeji. Mimi ndiye niliyemzika kaka."

"Ulimzika vizuri," Sechelela alisema. "Sitasahau. Na nitakuletea chakula huko watakakokuweka, kila watakaponiruhusu, kwa miguu kama ni lazima. Lakini utaifungua, Ndahani. Kwa mkono wako, mbele ya watu hawa. Uliua mashamba ya watu kwa heshima, ukayazika kwa nadharia. Fungua!"

"Ndahani, usithubutu," Chilewa alisema. "Wewe ni mtu wa Mahomela."

"Na mimi ni wa nani, Mwenyekiti?" Sechelela alimgeukia. "Lambo letu limejaa mpaka mabata wanazaliana. Mvua arobaini na saba! Zaidi ya nusu ya maji yale ni ya watu waliosimama hapa, na wewe unawaambia waandike barua. Toa hiyo bakora mlangoni kabla sijaichukua."

Chilewa aliishusha bakora kidogo, si kwa hiari, bali kwa sababu hakuwahi kumwona mwanamke yule wa maombi akiwa na uso ule.

Ndahani aliingiza funguo. Duara jekundu likazimika na jina la Mahomela likafutika. Orodha ikatokea, majina manane, na watu wa mbele wakaisoma kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Sagalani ikatoka. Igongwe ikatoka. Mama mmoja mzee, aliyezaliwa Igongwe, alifunika uso kwa khanga jina lile lilipozimika. Yakabaki sita.

"Kura kavu kwanza?" Ndahani aliuliza.

Sechelela alitazama jua. "Hakuna muda wa mia sita. Piga ya kweli."

Alipiga.

Kabla kioo hakijaandika, Sechelela aliomba, na aliomba bila aibu: iwe Chigonela. Bwana, mara hii moja, iwe Chigonela.

MAHOMELA.

*

Watu wa mbele walilisoma mara mbili. Halafu zikatoka sauti zote pamoja. Jiwe la kwanza liligonga bati la kibanda. Wa Luwenze walipiga kelele kwamba Ndahani hajatoa kitu, ni mazingaombwe, na mzee wa Chigonela aliketi chini pale pale kwenye vumbi kama mtu aliyekatwa mishipa.

Chilewa aliinua mikono mbinguni. "Mnaona? Mungu ndiye mchaguzi!"

"Funga mdomo wako!" Sechelela alimpigia kelele. "Usimtie Mungu humo. Nilimtia mimi kwa miaka mitatu, inatosha."

Duara jekundu lilipwita. Ilibaki robo saa.

Alisimama mbele yake na gumba limekunjwa ndani ya ngumi. Angeweza kukataa. Sasa angeshangiliwa na vijiji vitano. Angeweza kumwambia Ndahani afute tena, na tena, mpaka kioo kiandike jina analolitaka yeye, na jina analolitaka lilikuwa jema. Aliligeuza wazo hilo moyoni kama mtu anayegeuza mbegu kutafuta tundu la mdudu, na tundu akaliona. Fundi huyu naye aliandika jina alilodhani ni jema.

"Mkwe." Ilikuwa sauti ya Foibe, karibu sana na sikio lake. "Hii ni ya haki?"

"Majina ni sita. Nimeyaona kwa macho. Mahomela ilikuwa na moja, kama ninyi."

"Nimekuuliza ni ya haki?"

"Kura moja haiwezi kuniambia," Sechelela alisema. "Ingeanguka kwenu nisingejua vilevile. Ila wizi uliokuwamo nimeuona ukitoka."

Foibe alimtazama, na machoni mwake hamkuwa na msamaha hata punje. "Basi tia dole. Tia, halafu toka hapo mbele. Alhamisi ijayo nitasimama mimi, na Nzugilo mmoja, na Luwenze mmoja. Madole sita. Mtu wa Mahomela peke yake hasimami tena mbele ya kioo hiki, hata awe malaika."

"Nisingekubali vinginevyo."

"Sikukuomba ukubali."

Sechelela akatia dole. Duara likawa kijani. Hakukuwa na vigelegele. Watu wa Mahomela walikuwepo, midomo ilikuwepo, lakini hakuna aliyeweza.

Ndahani alikuwa tayari amekaa nje ya kibanda na mikono katikati ya magoti, na funguo ameiweka chini mbele yake, mahali ambapo yeyote angeiona.

Kabla ya saa nane mawingu yalikuwa yamepita juu ya uwanja, yakisukumwa na makorongo, yakaelekea Mahomela. Kivuli chao kiligusa njia ya Chigonela kwa dakika moja kisha kikaiacha. Foibe alikuwa akitembea kwenye njia hiyo kwa hatua ndefu, na Sechelela nyuma yake akihangaika kumfikia.

"Rudi kwako. Unanyeshewa."

"Shamba halihitaji mwenyewe asimame ndipo linyeshewe. Nakwenda kumwona mwanangu. Nina maneno ya kuwaambia akina mama wa benchi la nyuma."

"Watakutukana."

"Watukane."

Walikwenda hadi mahali udongo unapobadilika rangi. Pande zote mbili mtama ulisimama umejikunja, mche baada ya mche. Foibe aliinama, akaunyoosha mmoja kwa vidole viwili, ukajikunja tena.

"Alhamisi ijayo nafasi yetu ni ngapi? Sema ya kweli, si ya karatasi."

"Sasa ya kweli na ya karatasi ni kitu kimoja, nadhani. Moja kwa sita."

"Kura zote zile tulizonyimwa hazituongezei kitu?"

"Haziwaongezei. Mashine haikumbuki."

"Haikumbuki."

"Hapana, mkwe."

Foibe alijipangusa vumbi mikononi. Nyuma yao, mbali, ngurumo ilianza kutembea juu ya Mahomela.

"Mimi nakumbuka," alisema, akashika njia bila kumngoja.